Mstari wa Kumi na Nne

Athanasi Haule alikuwa ametengeneza redio kwa miaka kumi na saba kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, na hata siku hiyo hakuwa ameitwa kwa ajili ya kompyuta. Ilikuwa mwaka 2005. Saimon, mwenye intaneti kafe jirani na stendi ya mabasi ya Songea, alikuwa na spika inayokoroma, akatuma mtu hadi Lizaboni, kwenye kibanda cha Athanasi, kumwita fundi. Athanasi akafika na mkoba wake, akafungua spika, akakuta waya umeachia, akauchomelea. Kazi ilikwisha chai aliyokaribishwa ikiwa bado ya moto.

Alikuwa anarudisha skrubu alipomwona Saimon akibonyeza kitu kwenye skrini. Ukurasa uliokuwa na picha na rangi ukageuka maandishi matupu, mistari kwa mistari, yenye mabano yaliyochongoka.

"Hicho nini?"

"Ndiyo ukurasa wenyewe ulivyoandikwa," Saimon alisema. "Kila ukurasa una hivi nyuma yake."

"Na mtu yeyote anaruhusiwa kufungua akaangalia?"

"Yeyote. Nani akukataze?"

Athanasi akaweka bisibisi chini. Alikuwa na miaka thelathini na nane, mpole, mtu wa maneno machache, lakini hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha. Mke wake, Suzana, aliwahi kurudi kutoka misa akakuta saa ya ukutani waliyopewa siku ya harusi imetandazwa mezani vipande vipande, na saa yenyewe ilikuwa nzima. Mtu wa namna hiyo umwambie kuna mamilioni ya kurasa duniani, na kila moja inafunguka nyuma bila skrubu hata moja! Hakurudi kibandani mpaka jioni.

Haja yake haikuwa ya kuchezea tu. Ndani ya kabati la kibanda chake mlikuwa na daftari la jalada gumu aliloanza kuliandika mwaka 1988. Redio ikifa, mara nyingi kilichokufa ni transista, kale kadude keusi kenye miguu mitatu, na mara nyingi transista ya namba ile ile haipatikani Songea. Fundi anatafuta nyingine inayokaribiana nayo, anaikunja miguu, anaipachika, anaomba Mungu. Athanasi alikuwa ameandika kila aliyoijaribu: ipi imeshika nafasi ya ipi, ipi imepata moto, ipi ilikubali kwa wiki moja kisha ikafa. Mbadala mia mbili na zaidi. Na alijua kwamba Mbinga, Madaba, Tunduru, kila mahali palikuwa na fundi anayepapasa gizani kama alivyopapasa yeye. Akasema, hili daftari nitaliweka kwenye intaneti. Fundi atachagua namba ya transista iliyokufa, na ukurasa utamjibu: weka hii, miguu yake ipange hivi.

Alipata tovuti inayofundisha bure. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Athanasi kilikuwa cha kidato cha nne, kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Aliyasoma na kamusi pajani. Kila somo lilikuwa na kisanduku cha kufanyia mazoezi. Unaandika upande huu, unabonyeza, unaona matokeo upande ule. Wiki ya tatu aliandika programu fupi kwa lugha ya JavaScript, akabonyeza kitufe, na maneno "Habari za Songea" yakajitokeza. Alimwita Saimon aje aone. Saimon akaona, akasema vizuri, akarudi kwa wateja wake.

Shida zilianza alipotaka kuandika kazi yenyewe. Saa za kafe zilikuwa ghali kwa mtu anayechapa kwa kidole kimoja, na Saimon, kwa kuogopa virusi, alikuwa amezifunga kompyuta zake zote zisifungue kitu kingine isipokuwa intaneti. Diski ya mteja aliisoma kwenye mashine ya mbele tu, tena akiwa amesimama hapo hapo. Basi Athanasi akaenda kwa mama Walburga Komba.

Mama Walburga alikuwa mchapaji. Alichapa katika ofisi za serikali miaka thelathini kwa taipureta, akastaafu, akafungua chumba cha kuchapa barua na mitihani, na sasa alikuwa na kompyuta moja isiyokuwa na intaneti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuchapa barua?"

"Si barua, mama. Ni programu."

"Mimi sijui programu. Lakini kiti kipo, na mashine saa za mchana haina kazi. Kaa."

Akakaa. Kwa siku tisa alichapa kwenye programu ile ile ambayo mama Walburga alichapia barua, maana hakuijua nyingine, akanakili kila alama kutoka kwenye karatasi alizoandika kwa mkono. Siku ya kumi akahifadhi kazi kwenye diski kama Saimon alivyomwelekeza, akaifunga kwenye nailoni isinyeshewe, akaenda kafe.

Ukurasa ukafunguka. Jina likatokea, orodha ya transista ikatokea. Akachagua namba, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kwenye kona ya chini ya skrini palikuwa na kipembetatu cha njano. Saimon akakibonyeza, kikatoka kidirisha cha Kiingereza chenye maana kwamba kuna kosa, mstari wa kumi na nne, herufi isiyokubalika.

Athanasi akarudi kwa mama Walburga, akahesabu mistari hadi wa kumi na nne, akausoma herufi kwa herufi. Ulikuwa sawasawa na karatasi. Akaufuta, akauchapa upya. Akarudi kafe. Mstari wa kumi na nne, herufi isiyokubalika.

Akafikiri ni diski. Akanunua nyingine. Mstari wa kumi na nne. Akafikiri ni namba ya transista, akaiondoa akaweka jina. Mstari wa kumi na nne. Akaongeza mistari mitupu mitatu juu yake, kwa hasira tu, ili aone, na kosa likahamia mstari wa kumi na saba likamsubiri huko. Kutoka chumba cha mama Walburga mpaka kafe ni mwendo wa dakika kumi na tano, na kuna siku alikwenda na kurudi mara sita juani, diski kwenye mfuko wa shati, watu wa stendi wakimwangalia.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye kutafuta hitilafu ndiyo kazi yake. Redio ikinyamaza unafuata njia ya sauti, unapima hapa, unapima pale, unafika mahali umeme ulipokomea. Hapa hakukuwa na mahali pa kugusa. Alipoandika mstari ule ule ndani ya kisanduku cha mazoezi, pale kwenye tovuti ya masomo, ulikubali. Alipoufungua kutoka kwenye diski, ukakataa. Maneno ni yale yale!

Akapeleka swali kwenye jukwaa la watu wanaoandika programu, wengi wao Wazungu. Alilitunga siku mbili kwa Kiingereza chake, kisha akaichapa programu yote humo, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye karatasi. Baada ya siku tatu alikuta majibu manne. La kwanza lilisema: kwangu inafanya kazi. La pili: na kwangu pia. La tatu lilimwambia ajifunze kwanza kuuliza maswali. La nne lilimwuliza Songea ni nchi gani.

"Kwao inafanya kazi," alimwambia Suzana jioni, nyumbani kwao Matogoro. Alikuwa amesimama mlangoni bila kuvua viatu. "Yaani mimi ndiye mbovu."

"Nani kasema wewe mbovu?"

"Kila kitu kinasema."

"Athanasi, redio ya yule mzee wa Bombambili iko kibandani wiki ya pili. Amekuja hapa kuulizia. Nimwambie nini?"

"Mwambie transista haijapatikana."

"Imepatikana. Mwenyewe ulinionyesha."

Athanasi aliinama kuvua viatu. Hakuwa na tabia ya kumdanganya mteja, na Suzana alilijua hilo, ndiyo maana alimkazia macho vile. Kesho yake asubuhi alikwenda kibandani, akaitengeneza ile redio, akaipeleka mwenyewe Bombambili kwa miguu, akaomba radhi. Kisha akapitia kwa mama Walburga akiwa ameamua kwamba leo ni siku ya mwisho.

Alikuwa ameomba Saimon amchapishie karatasi moja ya somo, lile aliloliiga mstari kwa mstari akibadilisha majina na namba tu. Akachapisha na ukurasa wake kwa mama Walburga. Akaziweka mbili pamoja mezani, akazitazama mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akapiga meza kwa kiganja, kikombe cha kalamu kikaanguka.

"Meza yangu hiyo, fundi," mama Walburga alisema bila kupaza sauti.

"Nisamehe, mama. Wiki ya tatu leo. Nimeshindwa."

"Lete." Akavaa miwani, akachukua karatasi zote mbili. "Hili silijui kabisa linasema nini. Lakini kulinganisha nakala nimefanya maisha yangu yote. Wewe hii ndiyo asili, na hii ndiyo nakala?"

"Ndiyo."

Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza kwenye karatasi zote mbili, akaanza kushuka, midomo ikichezacheza. Alifika mstari wa kumi na nne akatua.

"Mbona alama zako za kunukuu zimepinda, na za kwao zimesimama?"

"Wapi?"

"Hapa. Ya kwao ni vijiti viwili wima. Yako imeinama, ya kufungulia huku, ya kufungia kule. Kama mkia wa kambale."

"Huo ni mwandiko tu wa mashine, mama."

"Mwandiko! Kwenye taipureta alama ilikuwa moja tu, wima. Hii kompyuta inazipinda yenyewe ukishachapa, inadhani inapendezesha. Padri ninayemchapia matangazo anazipenda. Mimi zilikuwa zinanikera, nikajifunza kuzirudisha. Ukishachapa tu, kabla hujagusa kitu kingine, bonyeza Control na Z. Inasimama."

Athanasi akavuta kiti. Akachapa alama moja. Kwa mara ya kwanza aliiangalia kwa makini badala ya kuangalia kidole chake, akaiona inazaliwa wima na papo hapo inajipinda. Akabonyeza Control na Z. Ikasimama.

Sasa akaelewa kwa nini kisanduku cha mazoezi kilikubali, na kwa nini wale Wazungu walisema kwao inafanya kazi: kule alichapa moja kwa moja kwenye intaneti, ambako hakuna kitu cha kupinda alama. Wiki tatu zake zote zilikuwa zimeliwa na mashine iliyotaka kumpendezeshea kazi.

"Ziko ngapi?" mama Walburga aliuliza.

Zilikuwa zaidi ya mia nane, maana kila transista ilibeba jozi mbili. Alizisimamisha moja moja kwa siku nne, mama Walburga akipitia na rula nyuma yake. Siku ya tano, kwenye kafe ya Saimon, alichagua namba, akabonyeza kitufe, na jibu likatoka. Hakumwita mtu. Alikaa tu akichagua namba moja baada ya nyingine mpaka muda wake ukaisha.

Aliuweka ukurasa kwenye kampuni moja ya nje iliyokuwa inahifadhi kurasa za watu bure. Chini ya programu akaongeza jedwali lote, ili mwenye kutaka kuchapisha achapishe, akaandika na namba yake ya simu. Akaweka na kihesabio cha wageni. Baada ya miezi mitano kihesabio kilisoma arobaini na moja, na kwa hesabu yake mwenyewe thelathini na tano kati ya hao walikuwa yeye.

Simu ya kwanza ilikuja Februari, mvua zikiwa zimeshika.

"Assalamu alaykum. Naongea na fundi Athanasi Haule wa Songea?"

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Abdulatifu, fundi redio, Tunduru hapa. Ndugu yangu ananunua mawe ya vito, alikuwa Dar, akaniletea karatasi zako kazichapisha huko. Wallahi nilifurahi. Nimezifanyia kazi."

"Asante sana, ndugu yangu." Athanasi alikuwa amesimama, mkono mwingine umeshika ukingo wa meza.

"Sasa nimeunguza redio ya mtu."

"Umeunguza?"

"Nimeweka ile BC547 kama ulivyoandika. Upande wake bapa unanielekea, miguu kushoto kwenda kulia kama ulivyoitaja. Ikakoroma, ikafa. Nikaweka nyingine, ikafa. Ya tatu nikaipima kwa mita. Ndugu yangu, umeigeuza. Miguu uliyoandika ni ya kuitazama kwa mgongo."

"Haiwezekani. Mimi hiyo nimeiweka mara mia."

"Itakuwa mikono yako inaiweka sawa. Karatasi ndiyo inasema vingine."

Athanasi akafungua kabati, akatoa daftari, akatoa na transista yenyewe kwenye kopo. Aliitazama, akatazama mchoro alioutia mwaka 1991. Aliichora ikiwa imempa mgongo. Miaka yote hiyo alikuwa haangalii mchoro, mikono ilishajua. Na kwenye jedwali, BC547 ilikuwa mbadala wa transista kumi na tisa.

"Umesema kweli," alisema. "Kosa ni langu. Nitalirekebisha leo hii."

Hakulirekebisha siku hiyo. Alipofika kafe alimkuta Saimon amekaa nje kwenye kreti la soda. Radi ilikuwa imelipiga dishi la intaneti usiku uliopita. Kafe nyingine ya mjini ilikuwa imefungwa tangu Krismasi. Athanasi akaomba afungue kile kifaa cha dishi, labda kinatengenezeka. Akakifungua, akakuta bodi yote imekuwa nyeusi kama mkaa.

"Cha kuagiza Dar," Saimon alisema. "Wameniambia mwezi, labda na zaidi."

Mwezi! Na ukurasa uko pale, unaonekana dunia nzima, unawaambia mafundi waunguze redio za watu. Alipokuwa anabembeleza mstari wa kumi na nne ukubali, tatizo lilikuwa kwamba hakuna anayeweza kuusoma ukurasa. Sasa ulisomeka, na alitamani usisomeke. Kila alipochukua redio ya mteja aliwaza fundi mwingine mahali fulani anaikunja miguu ya BC547 kwa kumwamini yeye.

Jumatatu alipanda basi la Njombe. Waliteleza kwenye tope upande wa Madaba, abiria wakashuka wakasukuma, akafika saa nane mchana suruali imejaa udongo mpaka magotini. Akaulizia kafe, akaelekezwa, akapanda ngazi. Mwenye kafe alikuwa anafagia.

"Umeme hakuna tangu asubuhi, mzee. Labda kesho."

Akasubiri hadi jioni. Akalala gesti, akasubiri mpaka saa sita kesho yake. Umeme haukurudi, na basi la mwisho la Songea lilikuwa linapiga honi. Akapanda.

Aliporudi alimpigia Abdulatifu. "Zile karatasi, umempa mtu mwingine?"

"Nilitoa kopi. Wawili hapa Tunduru, mmoja Namtumbo."

"Nipe namba zao."

Akawapigia mmoja mmoja, akajitambulisha, akawaambia wachukue kalamu, wakate, waandike upya, akawasubiri kwenye simu wakiandika. Fundi wa Namtumbo alicheka, akasema alishaona kitambo kwamba imegeuzwa, akadhani ni mtihani. Athanasi hakuona cha kuchekesha. Na wale wengine wa kwenye kihesabio, ambao hakuwajua majina wala nchi, hakuwa na namna ya kuwapigia.

Kifaa cha Saimon kilifika mwanzoni mwa Aprili. Athanasi aliingia kafe kabla viti havijapangwa, akarekebisha mistari kumi na tisa, akaandika juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu, Kiswahili na Kiingereza, kwamba alikosea na kwa kipindi gani. Abdulatifu baadaye alimtumia orodha yake mwenyewe ya mbadala sabini, kwa mkono wa kondakta wa basi, pamoja na korosho ndani ya bahasha ya kaki. Athanasi alizila korosho, na orodha akaipima yote kwa mita, transista moja baada ya nyingine, kabla ya kuiweka. Makosa yalikuwa matatu. Alimpigia Abdulatifu akamtajia, na Abdulatifu akabisha nusu saa nzima.

Ukurasa uliishi miaka minne. Mwaka 2009 ile kampuni ya bure ilifunga kurasa zote, na tangazo lake lilikwenda kwenye barua pepe ambayo Athanasi alikuwa ameacha kuifungua. Siku alipokwenda kuongeza transista mpya alikuta tangazo la biashara ya mtu mwingine. Diski ya akiba ilikuwa imeota ukungu. Mama Walburga alimwambia wachape upya, na kweli walianza, lakini mwaka uliofuata miguu yake ilivimba, akafunga chumba, akahamia kwa binti yake Mbinga.

Sasa Athanasi anakaribia sitini. Kibandani anatengeneza zaidi taa za sola na spika za harusi kuliko redio. Mwaka jana alianza kozi nyingine ya kuandika programu, ya bure, kwenye simu. Kila kitu kimebadilika majina, na aliyoyajua yote anaambiwa ni ya kizamani. Amefika somo la tisa. Tangu Jumanne limemgomea, halisemi hata ni mstari gani, linasema tu jaribu tena. Suzana ameshapasha ugali mara mbili. Athanasi amekaa barazani, Matogoro, simu karibu na pua, ananung'unika peke yake, na mtu akimsalimia anaitikia bila kuinua kichwa.